Waacheni Watazamaji Waseme

Kuna tabia moja ya watu waliosoma ambayo imenichosha, na kwa kuwa nimefika umri ambao mtu hatafuti tena cheo wala haogopi kukipoteza, nitaisema waziwazi. Ni tabia ya kuwacheka watu wanaojibizana na runinga.

Msomaji unawajua. Ni wale ambao tamthilia ikifika mahali pa hatari humpigia kelele mtu aliyemo ndani ya kioo: "Usinywe! Wametia sumu humo!" Ni yule mama anayeinuka kwenye benchi, akafunga kanga yake upya, akamwambia mfalme wa Kituruki kwamba mke wake anamdanganya. Ni yule utingo wa lori anayelipa fedha yake kuingia banda umiza, kisha akatumia saa nzima kumtukana mtu ambaye hayupo, hamsikii, na pengine amekwisha kufa. Msomi akipita nje akayasikia makelele hayo hutikisa kichwa. Husema watu hawa hawajui kutofautisha mchezo na maisha. Husema wanamchukia mwigizaji badala ya kumchambua mhusika. Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, mtu ninayemheshimu na ambaye hatujapata kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa bei ya kahawa, ameyaita mabanda yale viwanda vya ujinga. Akaongeza kwamba ingekuwa amri yake yangefungwa yote hadi watu wajifunze kutazama kwa adabu.

Kutazama kwa adabu! Hebu tuanzie hapo hapo.

Kwa maoni ya mwenzangu, adabu ni kunyamaza. Mtu akae, atazame, mchezo uishe, arudi nyumbani kwake. Na kama amesoma kidogo, aseme kwamba dhamira kuu ilikuwa usaliti na dhamira ndogondogo zilikuwa tamaa na wivu. Mimi nadai kwamba huyu aliyenyamaza hajatazama kitu. Macho yake yamepita juu ya picha kama maji juu ya jani la mgomba. Yule aliyepiga kelele ndiye aliyeanza uhakiki, na kazi ya elimu ni kumshika pale pale alipopigia kelele na kumwuliza "kwa nini?", wala si kumziba mdomo na kumpa orodha ya kukariri.

Kabanga ni mahali pazuri pa kulipimia dai hili. Sisi tuko mpakani. Ng'ambo ni Kobero, nchi ya Burundi, na barabara inayopita hapa kwetu hupeleka Bujumbura mizigo iliyoshuka bandari ya Dar es Salaam. (Watu wa mbali hutujua kwa ajili ya nikeli iliyomo ardhini, ambayo nimeisikia ikisifiwa tangu wajukuu wangu hawajazaliwa.) Malori husimama yakingoja karatasi za forodha, na madereva wakiwa wanangoja hutazama runinga. Kwa hiyo benchi moja la banda umiza laweza kuwa na Mhangaza mwenye shamba la migomba, Mrundi aliyevuka kuuza maharage, dereva kutoka Tanga na mama lishe aliyezaliwa Kahama. Wote wanasikia Kiswahili, na hakuna hata mmoja asiye na maoni.

Chukua tamthilia ya Kituruki iliyoitwa Sultan, ambayo Azam iliionyesha ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Inahusu Sultani Suleiman wa karne ya 16, na mkewe Hurrem. Katika historia, Suleiman alimwua mwanawe Mustafa mwaka 1553, na katika tamthilia anafanya hivyo baada ya kuaminishwa kwamba kijana amekula njama na mfalme wa Uajemi. Nimeyasikia mazungumzo ya benchi juu ya kifo hicho. Yalianza kwa makelele tu: "Muuaji! Mzee hana huruma!" Kisha dereva mmoja akasema taratibu kwamba mfalme angefanya nini, naye ameambiwa mwanawe anakitaka kiti. Mama mmoja akamrukia: ameambiwa na nani? Wakarudi nyuma, wakakumbuka barua iliyoghushiwa, wakakumbuka muhuri. Mwingine akauliza mbona baba hakumwita mwanawe wakakaa wawili, akamwuliza uso kwa uso. Kimya kidogo. Ndipo mzee mmoja akasema kwamba yeye anamjua mtu wa tarafa hii hii aliyemnyima mwanawe shamba kwa maneno ya mke mdogo, na hakumwita kumwuliza.

Nawaomba wasomi wanaonicheka wanionyeshe ni kitu gani cha uhakiki kilichokosekana hapo. Walimhukumu mhusika. Wakapima sababu zake. Wakatafuta ushahidi ndani ya kisa chenyewe. Wakaona mahali ambapo kisa kingeweza kupinda kikaenda njia nyingine. Mwisho wakakigusisha na maisha yao wenyewe, bila ya mtu kuwaambia kwamba "fasihi ni kioo cha jamii". Yote hayo kwa muda usiozidi dakika 20, na mtu mmoja alikuwa akila mishikaki.

Tena wasidhani kwamba kulia juu ya mtu wa mchezo ni ushamba wa Ngara. Kipindi hicho cha kifo cha Mustafa kilipoonyeshwa Uturuki mwaka 2014, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa kumwombea, yapata miaka 460 baada ya kufa kwake. Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alikuwa ameishutumu tamthilia hiyo hadharani mwezi Novemba 2012, akiona inawasingizia wazee wao. Huyo naye alikuwa anajibizana na runinga, ila yeye alikuwa na kipaza sauti. Na huko London, mwandishi Arthur Conan Doyle alipomwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi ya mwaka 1893, wasomaji waliojiita wastaarabu walikasirika wakaacha kulinunua gazeti lililomchapisha. Doyle alivumilia miaka kadhaa, kisha mwaka 1903 akamfufua. Sijasikia mtu yeyote akiwaita watu wa London wajinga.

Mwaka 2011 TBC ilitutolea tamthilia ya Kichina, nayo ikisema Kiswahili, juu ya binti Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 akaitaja kuwa ushahidi wa urafiki wa nchi zetu. Sina ugomvi na urafiki. Lakini waliyoyapata wanawake wa hapa katika tamthilia ile hayakuwa diplomasia. Walipata faraja kubwa kwamba hata Beijing mkwe hawezi kuridhika, na wakaachana na faraja hiyo wakaanza kugombana: je, yule binti ni mvumilivu au ni mwoga? Niliwasikia wakibishana hilo kisimani, mchana, hakuna runinga karibu. Mchezo ulikuwa umekwisha siku tatu nyuma.

Mwenzangu hujibu kwamba watu wale hushabikia takataka. Hapa anakosea kwa sababu hakai nao. Watazamaji wa banda umiza ni wakali kuliko mhariri yeyote. Wao ndio waliozichoka filamu zetu wenyewe kabla wasomi hawajaandika lolote. Walisema: mbona gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, na sisi tumekaa dakika 5 hatujaambiwa neno? Walisema: mbona kila kisa kinakatwa katikati tununue sehemu ya pili? Huo ndio uhakiki wa fani, tena wa hali ya juu, maana ulitolewa na watu waliolipa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 walimlilia kwa dhati, na wengi tunaamini kwamba alikuwa na kipaji. Lakini kumlilia hakukuwazuia kusema filamu ipi ilikuwa nzuri na ipi ilikuwa ya haraka haraka.

Na wala hawakungoja mtu awape ruhusa ya kusema juu ya filamu za wageni. Walimpata Lufufu. Kizazi cha leo huenda hakimkumbuki vizuri: ni yule mtafsiri wa Dar es Salaam ambaye sauti yake ilitembea nchi nzima katika kanda za video, akiisimulia filamu ya Kihindi, ya Kimarekani au ya Kinijeria kwa Kiswahili, akiweka mzaha, akiweka methali, akimpa shujaa tabia ya mtu wa Manzese. Kenya wanaye DJ Afro anayefanya kazi ya namna hiyo. Wapo wanaosema kwamba watu hawa huongopa, kwamba filamu haikusema hivyo. Ni kweli haikusema hivyo. Lakini kinachosikika ni mtazamaji mmoja hodari anayejibizana na picha kwa niaba ya wengine wote, na hadhira ikijua kabisa yapi ni ya filamu na yapi ni ya Lufufu. Babu zetu walipotambiwa ngano hawakukaa kimya; fanani alipokosea waliguna, alipopatia waliitikia. Hadhira bubu ni jambo geni kwetu. Limeletwa na darasa.

Sasa nimefika darasani, na hapa sitacheka.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Wenye umri wangu tunakumbuka jinsi ilivyozuiwa shuleni kwa muda kwa madai ya utovu wa maadili, kabla haijarudi baadaye kuwa kitabu cha kufundishia. Mimi niliisoma nikiwa chuo cha ualimu, katika nakala iliyofunikwa gazeti na ambayo ilikuwa imepita mikono mingi hata kurasa za mwisho zilikuwa zikishikiliwa kwa gundi ya ugali. Bwenini kwetu riwaya hiyo ilizua swali moja tu: nani alimwua Rosa? Rosa alijiua mwenyewe, hilo linajulikana. Lakini nani alimwua? Wengine walisema baba yake, Zakaria, mlevi aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana na hivyo akamfundisha hofu mahali pa akili. Wengine walisema Charles, aliyetaka bikira kama mtu anunuaye mtungi. Wengine walisema wale wakubwa waliopaswa kuwalinda wasichana wakawageuza mboga. Mmoja wetu, aliyekuwa mkimya siku zote, alisema ni sisi, maana sote tulikuwa na mawazo ya Charles. Tulikaribia kupigana usiku ule. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na mijadala mingi imenipita masikioni, lakini ule wa bwenini naukumbuka neno kwa neno, na hakuna mwalimu aliyekuwapo.

Linganisha na hali ya sasa. Nenda duka lolote la vifaa vya shule, Ngara mjini au Biharamulo, ukaangalie kinachouzwa kwa wingi kuliko riwaya. Ni vijitabu vya uchambuzi. Humo mna jina la mwandishi, muhtasari, dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kila kitu kimekwisha kutafunwa. Mwanafunzi hukariri kwamba "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa", ingawa hajui mwandishi alikuwa akijaribu kufanya nini. Nimewauliza vijana wa sekondari wanaonitembelea kama wamesoma Takadini. Wamesoma, wanasema. Mlilia mahali gani? Wananitazama kama mtu aliyeuliza rangi ya hesabu. Hawakuwa wamesoma. Walikuwa na kijitabu.

Takadini, riwaya ya Ben Hanson, si kitabu cha kuchezea katika kanda hii ya Ziwa. Sekai, mwanamke wa Zimbabwe aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila ya kijiji inataka mtoto huyo auawe. Anamfunga mgongoni, anatoroka usiku, anafika kijiji kingine ambako mzee Chivero anampokea. Hicho ndicho kisa. Kimekuwa kikisomwa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo, tangu 2007 hivi, watu wenye ualbino katika mikoa yetu walikuwa wakiwindwa kwa panga kwa ajili ya imani za waganga. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni mwaka 2009 kwa sababu yao. Na wala si habari za zamani: mwaka 2024, wilayani Muleba, mkoani humu humu Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu aliporwa nyumbani kwao akauawa.

Kwa hiyo nina haki ya kuuliza. Maelfu ya vijana wa Kagera wameandika katika karatasi zao kwamba dhamira ya Takadini ni mila potofu, ukombozi wa mwanamke na mapenzi ya mama, wakapata alama zao zote. Wangapi waliulizwa: wewe, Sekai angegonga mlango wako usiku, ungefungua? Swali hili halimo katika vijitabu. Halimo kwa sababu halina jibu moja linaloweza kusahihishwa haraka. Lakini mama wa banda umiza angelijibu kabla hujamaliza kuuliza, na jirani yake angempinga, na kabla ya usiku kwisha tungejua tunaishi na nani.

Hapo ndipo ninapogombana na mwenzangu kwa dhati. Yeye huliona jambo hili kuwa la starehe na ladha. Mimi naliona kuwa la uhai, na sababu yangu inatoka upande wa pili wa mpaka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya hii kwa muda wa siku moja tu, ikazaliwa kambi ya Benaco. Kila mtu wa Ngara mwenye umri anakumbuka. Baadaye tulikuja kuelezwa kwa kirefu habari za redio RTLM iliyoanza Julai 1993, jinsi ilivyochochea mauaji. Watu hudhani ilikuwa redio ya kufoka tu. Sivyo. Ilikuwa na muziki mzuri, ilikuwa na mizaha, ilizungumza kama watu wa kilabuni. Ilipendeza. Penye redio kama ile, wanakijiji walihitaji mtu mmoja pale kwenye kigoda, wa kusema mbele ya wenzake: "Huyu anaongopa." Mtu wa namna hiyo huanza kwa kumwambia Hurrem kwamba anaongopa. Hatapatikana ghafla siku ya hatari kama maisha yake yote amefundishwa kusikiliza kwa adabu.

Si maneno yangu matupu. Burundi, kuanzia 1997, Studio Ijambo ilitangaza mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Sisi Wahangaza hatukuhitaji mkalimani kuufuata, maana Kirundi na lugha yetu ni ndugu. Rwanda nayo, kuanzia 2004, ilikuwa na Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vinavyochongeana hadi kupigana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwasikilizisha watu wa vijiji kadhaa mchezo huo kwa makundi, na makundi mengine akayasikilizisha mchezo tofauti juu ya afya. Alipochunguza baada ya mwaka aliona kwamba Musekeweya haukubadili sana imani za watu za moyoni. Uliongeza jambo jingine: watu waliousikiliza walikuwa wepesi zaidi kusema hadharani kwamba hawakubaliani na wenzao. Katika nchi ile, na baada ya mambo yale, hiyo si faida ndogo.

Mwenzangu, akilisoma hili, atanikumbusha Kongo, na ni afadhali nimtangulie. Mtafiti huyo huyo alichunguza mchezo mwingine wa Kiswahili, Kumbuka Kesho, uliotangazwa mashariki ya Kongo. Huko baadhi ya wasikilizaji waliongezewa kipindi cha kuwahimiza wajadiliane baada ya mchezo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa machungu: waliohimizwa kujadiliana walijadiliana kweli, lakini wakazidi kulaumiana, na wakapungukiwa na moyo wa kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Kelele peke yake, basi, si dawa. Nakubali. Lakini jambo hilo linaniunga mkono kuliko linavyomsaidia yeye. Watu wale waliachwa na hasira zao bila mtu wa kuuliza "kwa nini?" wala "ulionaje hilo katika mchezo?". Waliuacha mchezo wakarudi kwenye ugomvi wao wa siku zote. Benchi letu la Kabanga, siku ya Mustafa, lilirudi kwenye barua na muhuri kabla ya kurudi kwenye shamba la jirani. Tofauti ndiyo hiyo, na ndiyo inayoweza kufundishwa. Mwalimu ana kazi hapo, kazi kubwa, tena ya kumtosha hadi astaafu.

Serikali yetu iliwahi kulijua jambo hili. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, ikiwa na mhusika Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Kwa miaka ipatayo miwili eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo ili wataalamu walinganishe, wakaona kwamba kwingineko ulikuwa umewafanya watu wazungumze, mke na mume, jirani na jirani, na mazungumzo hayo yalikuwa sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyopatikana. Sisi wa njia ya malori tulimjua Mkwaju kabla ya kumsikia redioni. Nimemsikia mwanamke hapa barabarani akimwambia dereva aliyekuwa akimbembeleza: "Nenda zako, Mkwaju!" Dereva akacheka, wenzake wakacheka zaidi, na akaondoka. Je, mwanamke yule alishindwa kutofautisha mchezo na maisha? Alitofautisha vizuri kuliko dereva.

Sisemi kwamba shule zifunge vitabu zikafungue runinga. Nasema mwanafunzi asomeshwe Takadini yenyewe, kwa sauti, sura kwa sura, na kila mwisho wa sura aruhusiwe kwanza kupiga kelele. Amchukie amchukiaye. Kisha aambiwe aonyeshe ukurasa. Baada ya hapo, kama muda umebaki, dhamira na zifuate. Zitakuja zenyewe, hazihitaji kukaririwa. Walimu wa sasa huniambia kwamba silabasi ni ndefu na mtihani hauulizi hivyo. Najua. Basi waulize hivyo kwa kipindi kimoja kwa wiki, nje ya mtihani, kama tulivyofanya sisi bwenini bila ruhusa ya mtu.

Mwaka jana nilijaribu na msichana mmoja wa kidato cha nne aliyekuja kuazima kitabu. Nilimpa Takadini, si kijitabu, akaisoma kwa siku nne akairudisha. Nikamwuliza kama angemfungulia Sekai mlango. Alifikiri kwa muda mrefu, akichezea kamba ya mkoba wake. Akasema angemfungulia, angempa chakula na mahali pa kulala, lakini asubuhi asingemwambia jirani yake kwamba mgeni yumo ndani.

Nikamwuliza ni jirani yupi. Akamtaja.